Nchi ya Wasiouliza Wapi

Nchi ya Ulingano haimo katika ramani yoyote, na wenyewe hawaoni kuwa huo ni upungufu. Ramani, wanasema, ni kitabu cha mtu mwenye wasiwasi. Mimi huko sikufika. Aliyefika ni Makungu, fundi wa kujalidi vitabu, mtu wa makamo aliyefiwa na mkewe na tangu hapo akawa na tabia ya kuondoka kila mahali palipoanza kumzoea. Habari hizi amenipa kwa vipande, na mahali alipokwama nimesukuma mwenyewe, maana msimulizi naye ana haki zake.

Alipofika lango la mji alimkuta karani amekaa nyuma ya meza safi. Makungu alisalimia, akaweka chini mkoba wake wa sindano na nyuzi, akauliza kama mtu yeyote mwenye adabu angeuliza:

"Samahani bwana, nyumba ya wageni iko wapi?"

Karani aliweka kalamu chini. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akahakikisha hakuna aliyesikia.

"Bwana mgeni," alisema kwa sauti ya chini, "neno hilo hapa halitamkwi. Leo nitasema ulikohoa. Wewe taja jina la unachokitaka, kisha ukae utulie. Kitakufikia."

"Nataka mahali pa kulala."

"Umeona? Kumbe unajua kusema. Kaa pale kwenye benchi."

Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua la utosi. Hapo akaja tarishi mmoja aliyevaa kaniki, mwenye begi zito la ngozi begani, akamshika mkono bila neno na kumpitisha katika vichochoro visivyo na majina wala namba. Makungu, ambaye amezoea kuhesabu njia, alihesabu kona kumi na tatu kisha akapotelewa na hesabu.

Sababu ya hayo yote alielezwa baadaye. Waasisi wa Ulingano walikuwa watu wenye akili nyingi, na akili nyingi, kama tujuavyo, ikikosa kazi hujitafutia. Walichoshwa na raia kupoteza vitu. Walipochunguza waliona kwamba mtu hapotezi kitu, hupoteza mahali alipokiweka. Basi wakafuta mahali. Maandishi yote ya nchi, kuanzia sheria hadi barua za mapenzi, yalikusanywa katika jengo moja kubwa lisilo na madirisha liitwalo Bohari, na kila andiko likapewa jina. Ukilitaka unalitaja, tarishi anakuletea. Liko rafu gani, chumba gani, hayo si yako. Sheria hiyo ilipofanikiwa kwa makaratasi wakaona si vibaya kuipanua. Ikafika kwenye majumba, kisha ikafika kwa watu. Ukimtaka ndugu yako unamtaja jina. Anapoishi, kuuliza ni kosa.

Matarishi peke yao ndio wanaojua mahali pa vitu, na matarishi wamekula kiapo cha kutosema.

Mlango aliofikishwa Makungu ulifunguliwa na mzee mwembamba, msafi, kofia yake imepigwa pasi, sikio moja ameligeuzia mlangoni hata baada ya kuufungua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mimi ndimi Fumo. Mwaka wa nne huu nimeomba mgeni, wamenikumbuka leo."

"Mgeni wa kufanya nini, Mzee?"

"Wa kusikiliza mlango nikienda kuoga."

Makungu alidhani ni mzaha, akacheka. Mzee hakucheka. Alikuwa na taulo begani tayari. Alimkalisha mgeni kwenye kiti kilichoelekea mlango, akamwambia, "Wakigonga mara tatu niite hata kama nina povu machoni," kisha akaenda kuoga muda mrefu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Hapo inabidi nieleze habari ya kugongwa mara tatu, kwa kuwa nchi nzima imening'inia hapo.

Kila mtu mzima Ulingano ana nyumba yake, anakaa peke yake, na ndani ana meza. Mtoto akitimiza miaka ishirini anapewa meza na kuondoka kwao, atake asitake. Juu ya meza huwekwa nakala za majalada anayoyahitaji. Asilia hubaki Bohari. Hakuna raia anayeiona. Unachukua nakala, unaikalia, unaisoma, unaiandika upendavyo. Ukimaliza kazi ya siku unazitia kurasa zote katika sanduku lililoko nje ya mlango, tarishi anapita kuzichukua kimyakimya, Bohari inaifanya asilia ifanane na nakala yako, na kabla ya alfajiri kurasa hurudishwa sandukuni. Je, kama mtu mwingine mwenye nakala kama hiyo amebadilisha neno? Hapo ndipo penye ahadi. Bohari imemwahidi kila mwenye nakala kwamba jalada lake likiguswa na mwingine, tarishi atakuja kugonga mara tatu. Hapo atajua nakala yake imechakaa, ataitoa na kuletewa mpya. Asipogongewa, alicho nacho ndicho kilivyo. Maneno yamechongwa juu ya kila mlango, kwa ndani, mwenye nyumba ayaone akiwa ameketi: KIMYA NDIO UKWELI.

Kwetu wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walingano hawana methali hiyo. Wamekaa vitini, mmoja mmoja, masikio mlangoni, na kila siku isiyogongwa wanaihesabu kuwa siku njema.

Makungu aliyaona mambo mengi katika wiki za kwanza, na kila jioni aliyasimulia kwa Mzee Fumo, ambaye hakuona cha ajabu hata kimoja. Mtaa wa chini ulikuwa ukimtii Liwali mpya, na mtaa wa juu ukimtii Liwali aliyefariki miaka mitatu nyuma, kwa kuwa huko juu hawakugongewa. Hapakuwa na ugomvi wowote. Watu wa juu walilalamika tu kwamba siku hizi Liwali amekuwa mpole. Kulikuwa na mwanamke aliyeendelea kufua kanzu za mumewe kila Alhamisi. Mume alifia safarini, ndugu zake walikwisha fanya hitima, lakini katika nakala ya mke yu hai, na afisa aliyeulizwa alijibu kwamba kwa mke huyo mume yu hai kisheria mpaka atakapogongewa.

"Mnamwachaje mtu katika hali hiyo?" Makungu aliuliza.

"Kwani ana shida gani?" Mzee Fumo alijibu. "Ana mume."

Alihudhuria pia Baraza, ambako mjadala mmoja ulikuwa umeendelea miaka tisa. Upande mmoja walidai Bohari iwe na kumbukumbu: ijue nani ana nakala gani, imwahidi, imtumie tarishi. Upande wa pili walidai Bohari isimkumbuke mtu yeyote. Kila raia aende mwenyewe kuuliza kila anapotaka kusoma mstari, maana kisichokumbuka hakina cha kusahau. Wa kwanza waliwaambia wa pili kwamba matarishi watakufa kwa uchovu. Wa pili wakawajibu: na siku Bohari ikizimia, hizo ahadi zenu atazikumbuka nani? Hapo kila mtu akatazama vidole vyake. Mwenyekiti akaahirisha kikao hadi mwaka ujao. Makungu alishangaa kwamba swali zuri kuliko yote ndilo lililovunja mkutano.

Kwa Mzee Fumo maisha yalikuwa na saa zake. Alfajiri alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha hatua tatu, ambacho hakikutokana na ugonjwa. Alikohoa hivyo tangu ujana kuitangazia nyumba kwamba baba ameamka. Kisha alikaa mezani. Hadi alasiri aliandika katika jalada moja tu, akatia kurasa sandukuni, akarudi kitini kusikiliza. Magharibi, nyuma ya ukuta wa chumba, jirani asiyejulikana aliburuza kiti. Nyumba za Ulingano zimeegemeana migongo, milango ikielekea vichochoro tofauti, hivyo mtu anaweza kumsikia jirani miaka kumi asijue kama ni mwanamume au mwanamke. Kiti kilipoburuzwa Mzee alikunja uso. "Huyo," alisema, "hajafunzwa kuinua kiti." Kisha walikula.

Siku moja Makungu aliuliza anaandika nini.

"Namwandikia binti yangu. Zawena." Mzee aliligusa jalada kwa kiganja. "Alipewa meza mwaka wa tisa huu. Siku anaondoka alisimama pale akisubiri nimsindikize. Mimi nilikuwa nasubiri tarishi. Nikamwambia, nenda mwanangu, meza haisubiri. Akaenda. Tukafunguliwa jalada hili, la watu wawili, yeye na mimi. Naandika kila siku."

"Naye?"

Mzee alitazama maneno yaliyochongwa juu ya mlango.

"Sijagongewa," alisema.

Makungu alijua uzito wa jambo hilo kuliko alivyotaka kuujua. Mkobani mwake, chini ya nyuzi, mlikuwa na barua ya dada yake Mwanahawa, ambayo aliisoma mara moja miaka miwili iliyopita na hakuijibu. Hakuwa na ugomvi na dada. Alichelewa wiki, akaona haya. Akachelewa mwezi, haya ikazidi. Mwisho ilikuwa rahisi zaidi kuhama mji kuliko kushika kalamu.

Kazi iliyomleta Ulingano ilikuwa kujalidi upya asilia zilizochanika. Kwa kuwa alikuwa mgeni asiye na meza, ndiye mtu pekee asiye wa Bohari aliyeruhusiwa kuzishika. Alifanya kazi katika chumba kimoja cha Bohari chini ya Bi Rehani, mtunza asilia, mama mnene mwenye miwani na sauti ya upole, aliyejua majina ya majalada laki moja na hakuwahi kusoma hata moja. Katika chumba kile waliketi pia wakwanguaji, ambao kazi yao ilikuwa kukwangua wino wa zamani kwa visu vidogo na kuandika mpya, bila kusoma, maana kusoma jalada la mtu ni wizi.

Asubuhi moja mkono wa Makungu ulitua juu ya jalada, akasita. Karatasi za Bohari ni nzito, hudumu vizazi. Hizi zilikuwa nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole upande wa pili. Fundi hujua karatasi iliyochakaa kwa kusomwa na iliyochakaa kwa kisu. Hii ilikuwa imekwanguliwa mara nyingi mno. Akafunua jina: Jalada la Fumo na Zawena.

"Bi Rehani," aliita, "hili hukwanguliwa lini?"

Bi Rehani alikuja, akavua miwani, akaivaa. "Hili? Mara mbili kila siku. Alasiri hupokelewa nakala ya kwanza, nzima. Tunakwangua yote tunaiandika. Baada ya magharibi hupokelewa ya pili, nzima. Tunakwangua yote, tunaiandika. Wa mwisho kurudisha ndiye asilia. Sheria ni hiyo."

Makungu alikaa.

"Kila siku, kwa miaka tisa, baba anamfuta binti, na binti anamfuta baba?"

"Hawafutani. Kila mmoja anarudisha alicho nacho."

"Mbona hawagongewi?"

"Tarishi hutumwa kwa aliyeahidiwa," alisema Bi Rehani kwa subira. "Walioahidiwa huandikwa katika Daftari la Ahadi. Miaka tisa iliyopita Bohari ilizimia siku tatu, paa liliungua. Asilia zote ziliokolewa, tunashukuru. Daftari likateketea. Tulipofungua tena tulianza jipya. Anayechukua nakala leo anaandikwa. Waliokuwa na nakala zao tangu kabla ya moto, hao hatuwajui."

"Si mngewaambia?"

"Tungemwambia nani, Bwana Makungu? Daftari ndilo lililokuwa na majina."

"Basi mngewagongea watu wote, nyumba zote, mara moja."

Bi Rehani alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ungesikia siku hiyo mji mzima ukigongwa, ungeamini nini tena kuhusu kimya?"

Hakuwa mtu mbaya yule mama. Makungu amenisisitizia hivyo mara mbili, na ndicho kinachoniudhi zaidi katika kisa hiki: kwamba nchi nzima sikumpata wa kumtukana.

Alirudi kwa Mzee Fumo alasiri, akamkuta anapanga kurasa za sanduku. Alimweleza yote, taratibu, bila kuremba. Mzee alisikiliza akiwa amesimama. Makungu alipomaliza, Mzee aliketi.

"Unasema Zawena ameniandikia."

"Kila siku, Mzee. Baada ya magharibi."

"Na mimi kila alasiri nimemkwangua."

"Hukujua."

"Sikuuliza kama nilijua. Nifanyeje?"

"Mambo mawili. Leo usirudishe kurasa. Maneno yake ya jana yamekwisha futwa na yako, lakini yeye anayo yote mezani kwake, na leo magharibi atayarudisha yote, tangu siku ya kwanza. Usipomfuta yatabaki. Kisha toa nakala yako, uombe mpya. Utaletewa ya kwake. Miaka tisa yote."

Mzee Fumo aliliwekea jalada mikono yote miwili.

"Nitoe hii?"

"Ndiyo sheria. Kila meza, nakala moja tu ya jalada moja. Wataichoma."

"Hii ni miaka tisa ya kwangu, Makungu. Humu nimemwambia ugonjwa wa mama yake ulivyoanza. Nimemweleza alivyokuwa akiogopa mvua. Nimemwomba radhi mara ngapi sijui. Nikiitoa, ni kama sikuwahi kusema kitu. Na kama hiyo mpya ikija tupu? Kama amenyamaza kweli, na anayerudisha magharibi ni karani tu? Nikiwa na hii angalau mimi ni baba anayeandika."

Mzee alitia kurasa sandukuni kama kila siku. Magharibi kiti kikaburuzwa nyuma ya ukuta, na safari hii Mzee hakumsema jirani.

Siku ya pili aliandika, akarudisha. Siku ya tatu aliandika, akarudisha. Makungu hakumlaumu kwa mdomo, lakini jioni hiyo alitoa barua ya Mwanahawa, akaitazama bahasha, akairudisha mkobani, na akaona kwamba yeye si mtu wa kumwonyesha mwingine njia. Alijisikia mpweke kuliko alivyokuwa tangu msiba. Nyumba ilikuwa na watu wawili, kila mmoja na maneno yake yasiyofika.

Siku ya nne alasiri Mzee hakuandika. Kalamu ilikauka mkononi. Mwishowe alisema, "Nimechoka kuwa msemaji. Nataka kusikia, hata kama ni ubaya."

Makungu alifungua mkoba. "Chagua ukurasa mmoja," alisema. "Mmoja tu. Nitautoa bila mtu kujua. Kazi yangu ndiyo hiyo."

Mzee alifunua jalada hadi magharibi. Alipita maelezo marefu ya ugonjwa, alipita mashairi aliyotunga mwenyewe, alipita nasaha nyingi nzuri. Akasimama kwenye ukurasa wa siku ya kwanza, wenye mistari miwili tu: *Zawena, ningeinuka nikusindikize. Tarishi mwenyewe hakuja.* Makungu alikata uzi, akauvuta ukurasa, akashona tena. Kisha nakala ya miaka tisa ikaingia sandukuni, na karatasi ndogo ya maombi juu yake. Nyuma ya ukuta kiti kikaburuzwa. Mzee aliukunja ukurasa wake akautia mfukoni mwa kanzu, upande wa moyo.

Alfajiri alikohoa kama kawaida, hatua tatu. Mara, nyuma ya ukuta, kiti kikaburuzwa. Hakikuburuzwa mara moja. Kiliburuzwa kwa muda, kikafuatiwa na kitu kizito zaidi, kisha hatua za watu.

"Jirani leo amewahi," Mzee alisema, akajaribu kutabasamu.

Jua lilipokuwa limepanda waligongewa mara tatu. Kwa miaka tisa mtu huyu alikuwa ameusubiri mlio huo, na uliposikika hakuweza kuinuka. Makungu ndiye aliyefungua. Tarishi wa kaniki alimkabidhi jalada, akaondoka.

Halikuwa tupu. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa kuegemea upande, na Mzee aliuona akatoa sauti ambayo Makungu hakupenda kunieleza. Alimpa mgeni amsomee, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayaoni kitu.

Makungu alisoma. *Baba, leo umenyamaza, najua una kazi.* Akasoma. *Baba, mwezi sasa. Nimejifunza kupika mchuzi wa mama ila chumvi inanishinda.* Kurasa nyingi zilianza kwa neno hilohilo, Baba, na nyingi zilikuwa fupi. Kuna mwaka mzima ambao aliandika salamu tu. Hakuna mahali alipomlaumu. Jua lilifika utosini, wala hawakula. Mzee alikuwa amelaza kichwa mezani, akisema, "Endelea," kila Makungu alipopumua. Wakafika ukurasa wa jana.

*Baba, hii naandika ingawa nimeshaacha kutumaini. Kuna mtu nyuma ya ukuta wangu anakohoa kila alfajiri kama ulivyokuwa ukikohoa. Mara tatu, vilevile. Miaka yote hii nikimsikia huamka nikidhani niko nyumbani, kisha naona ukuta. Kuuliza ni nani hairuhusiwi. Nimeshindwa kuendelea kumsikia. Leo ni siku ya nne tangu niombe kuhamishiwa meza, wamekubali, kesho alfajiri wanakuja kunichukua. Huko niendako nitaandika nikiweza.*

Makungu alimaliza, akabaki ameshika karatasi. Wote wawili walitazama ukuta. Ulikuwa ukuta wa kawaida, una ufa mmoja.

Mzee Fumo aliinuka. Alikwenda ukutani, akakohoa. Mara tatu. Akasubiri, sikio limegusa chokaa. Hakukuwa na kitu huko, hata kiti.

"Siku nne," alisema. "Siku nilipoambiwa, ndiyo siku aliyoomba. Mimi nikakaa kuzionea huruma karatasi zangu."

Kisha alifanya jambo ambalo Makungu hakuwahi kumwona akilifanya. Aliufungua mlango, akatoka, akauacha wazi. Alisimama katikati ya kichochoro, kofia imekaa upande, akauliza kwa sauti iliyosikika mtaa mzima:

"Mwanangu yuko wapi?"

Madirisha yalifungwa, moja baada ya jingine. Mzee akauliza tena. Mtu mmoja alipita ameziba masikio. "Yuko wapi Zawena binti Fumo? Wamempeleka wapi?" Kila alipolitamka neno lile sauti yake ilizidi kuwa ya kawaida, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, na ndivyo lilivyokuwa.

Tarishi wa kaniki alitokea kwenye kona na begi lake. Alisimama. Alimtazama mzee, akatazama jalada lililokuwa wazi mezani kwa ndani. Yeye ndiye aliyechukua kurasa za milango yote miwili miaka yote hiyo, alasiri upande huu, magharibi upande ule, na kiapo chake kilikuwa cha kutosema. Hakusema. Alilihamishia begi bega la pili, akageuka, akaanza kutembea. Matarishi wa Ulingano hutembea mbiombio. Huyu alitembea polepole sana, hatua kwa hatua, kama mtu anayejua kuna mzee nyuma yake. Kwenye kona alisimama akangoja.

Mzee Fumo alitia mkono mfukoni kuhakikisha ukurasa upo, akamfuata. Makungu aliwaona wakikata kona. Alingoja mlangoni, maana kazi yake katika nyumba ile ilikuwa kusikiliza mlango, hata akakumbuka kwamba hapakuwa tena na anayemsikilizia. Kama walifika, au walikamatwa njiani, hakujua, na mimi siwezi kujua zaidi yake. Nimemuuliza mara nyingi. Huniambia kitu kimoja tu, kwamba mzee alikuwa anatembea vizuri.

Siku hiyohiyo alikusanya sindano zake, akaondoka Ulingano. Hakuandika barua. Alihofia, anasema, kwamba akianza kuandika atapata sababu ya kukaa. Alikwenda mwenyewe mpaka kwao, akasimama mbele ya mlango wa dada yake, akabisha hodi, akiwa amepanga maneno mengi ya radhi.

Mwanahawa alifungua akiwa na unga mikononi. Hakumkaribisha wala hakumsalimia. Alimtazama juu hadi chini.

"Ulikuwa wapi wewe?" aliuliza.

Makungu, mtu mzima, aliketi pale pale kizingitini akalia.